Mikanda ya ukutani na ya mlango: ukate kwa kisanduku, kwa fremu ya chuma au kwa mashine?

Mikanda ni vipande virefu vyembamba vya kupambia chini ya ukuta, kandoni mwa mlango na darini, na konani hukatwa mshazari ili ncha zikutane. Kabla hujatoa pesa dukani kununua chombo cha kuikatia, chukua tepu ukapime kona za nyumba yenyewe. Tia alama sentimita 60 kutoka konani kwenye ukuta mmoja na sentimita 80 kwenye ukuta wa pili, kisha pima kutoka alama hadi alama. Ikitoka mita 1 kamili, kona ni ya nyuzi 90. Ikizidi, kona imefunguka, ikipungua, imebana. Kwa vipimo hivyo kila milimita 8 ni takriban nyuzi 1, kwa hiyo kona iliyotoa sentimita 102 na nusu ni ya nyuzi 93.

Namba hiyo ndiyo ichague chombo, kuliko bei na kuliko jina lililoandikwa ubavuni mwa mashine. Nyumba ya matofali ya saruji iliyojengwa juzi hapa Zanzibar, Fumba, Tunguu au Chake Chake, mara nyingi humpa seremala kona zilizo karibu na 90, tena zinazofanana. Nyumba ya Mji Mkongwe ni habari nyengine. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita na zaidi, na plasta imepakwa kwa mkono na kurudiwa mara nyingi. Kona hiyo hiyo yaweza kuwa nyuzi 88 usawa wa goti na 92 karibu na dari. Chombo kinachojua 45 peke yake kitakutosha katika nyumba ya kwanza na kukuumbua katika ya pili.

Kisanduku cha pembe

Ni ubao wa kitako na mbavu mbili zenye nyufa za kupitishia msumeno: nyuzi 45 kulia, 45 kushoto, na mkato wa mraba katikati. Vya plastiki vinauzwa, lakini cha kujitengenezea kwa mbao ngumu kavu kinashinda. Ukitaka kuchora 45 bila kifaa cha kupimia pembe hiyo, pima upana wa nje wa kisanduku, chora juu yake mraba wenye upande sawa na upana huo, na mshazari wa mraba ndio mstari wako. Teremsha mistari ubavuni kwa skwea, ukate pande zote mbili kwa pamoja, ukitumia msumeno ule ule utakaofanyia kazi. Ufa uliokatwa kwa msumeno mwengine mnene zaidi umeharibika kabla ya kuanza kazi.

Hapo ndipo udhaifu wa kisanduku ulipo. Msumeno ambao meno yake yanakata milimita 1, ukiupitisha kwenye ufa wa milimita 2 ndani ya kisanduku cha upana wa sentimita 10, unaweza kulala karibu nusu ya nyuzi bila ya wewe kuona. Kila mkato unazidi kuutanua ufa. Dawa ni kukata ufa mpya sentimita chache pembeni, si kuziba ule wa zamani. Msumeno unaofaa ni ule wenye mgongo wa chuma, urefu inchi 12 hadi 14, meno 12 au zaidi kwa inchi. Msumeno mkubwa wa kupasulia mbao unachana uso wa mkanda, na hakuna rangi inayoficha mchano huo.

Faida ya kisanduku ni kwamba hakihitaji umeme wala nafasi, na unapanda nacho ngazi nyembamba za nyumba ya ghorofa tatu ukiwa umekibana kwapani. Unguja ilipokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisanduku hakikupoteza hata siku moja ya kazi. Kwa mikanda ya jipsamu ya darini hiki ndicho chombo chenyewe: vumbi la jipsamu likiingia kwenye mota hula beringi na kaboni zake, kwa hiyo mwenye mashine nzuri asiikatie jipsamu.

Msumeno wa fremu ya chuma

Huu umekaa katikati, na wengi huupita bila ya kuutazama. Bledi ndefu ya kama sentimita 55 imekazwa ndani ya fremu, nayo inateleza juu ya nguzo mbili za chuma, na meza yake inajifunga kwenye 45, 36, 30, 22 na nusu, na mraba. Inayostahili kununuliwa ni ile inayokubali kufungwa pia kwenye namba yoyote baina ya hizo. Isiyokubali ni kisanduku cha bei kubwa.

Kwenye paini na MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) inakata uso laini usiohitaji msasa. Kwenye mkongo au mtiki bledi inapinda katikati, mkato ukaanza sawa juu na kutoka pembeni chini. Sababu karibu kila mara ni mkono unaoshindilia: uzito wa fremu unatosha, kazi yako ni kuisukuma na kuivuta tu. Kaza bledi, bana mkanda kwa klampu mbili, na badilisha bledi ikianza kung'aa menoni.

Mashine ya umeme

Mashine ya bledi ya inchi 10 isiyoteleza hukata mraba upana wa takriban inchi 5 na nusu, na kwa 45 inchi 3 na nusu hadi 4. Kwa mikanda ya kawaida hiyo inatosha. Ile inayoteleza kwenye reli inafika hadi futi moja, lakini reli zikilegea kichwa kinacheza, na mchezo wa kichwa ni makosa ya pembe. Asiyekata mbao pana hana haja ya kulipia reli.

Ubora wake ni mbili: unaweza kutegesha nyuzi 43 na nusu na ikakata 43 na nusu, na mkato wa arobaini unafanana na wa kwanza. Lakini hapo hapo pana mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Sifuri ya mashine ni mkato wa mraba. Kona ya ukuta ikiwa nyuzi 93, nusu yake ni 46 na nusu, na wengi hutegesha 46 na nusu. Namba sahihi ni 90 kutoa nusu ya kona, yaani 43 na nusu. Kona iliyofunguka hukatwa kwa namba ndogo kuliko 45. Iliyobana, kwa namba kubwa. Ukigeuza, kosa linajijumlisha mara mbili: mwanya wa nyuzi 6 mahali ulipotegemea kufunga.

Usiiamini namba ya mashine mpya kabla ya kuipima. Kata vipande vinne vifupi vyenye urefu sawa, kila ncha 45, uviunge viwe fremu ndogo mezani. Ncha ni nane, kwa hiyo kosa la robo ya nyuzi linajitokeza kwenye kiungo cha mwisho kama nyuzi 2, na hakuna jicho litakalolikosa. Kisha rekebisha kiegemeo, yaani ukuta wa nyuma ya meza unaoegemezwa mkanda, si namba. Mwanga mwekundu wa leza usiutegemee kwa lolote zaidi ya kukuonesha upande.

Bledi inayokuja na mashine mara nyingi ina meno 24 hadi 40, ya kukatia mbao za kenchi. Kwa mikanda nunua ya meno 60 au 80. Angalia tundu la katikati: kuna ya milimita 30 na kuna ya 25.4, na bledi yenye tundu kubwa bila ya pete yake itayumba, hata ukiikaza namna gani.

Kuhusu umeme, tahadhari na mashine zilizotumika zinazoletwa na makontena. Za Uingereza za kazi za ujenzi zina plagi ya rangi ya manjano yenye pini za duara: hizo ni za volti 110. Za Japani ni 100, za Marekani 120. Umeme wetu ni 230, na mashine hizo zikichomekwa moja kwa moja zinaungua. Ukizinunua, hesabu na bei ya transfoma, isiyopungua kVA 3. Waya wa kurefushia wa mita 30 uwe wa milimita za mraba 2.5, na ukunjue wote. Uliobaki umejiviringa unapata moto.

Ukataji wenyewe una taratibu moja tu isiyovunjwa: washa, ngoja bledi ifike kasi yake, teremsha polepole, zima, subiri isimame kabisa, ndipo uinue. Anayeinua bledi ingali inazunguka ndiye kipande kidogo kinachomrukia, na ndiye anayelaumu bledi kwa kuchana ukingo. Mkono ukae sentimita 15 kutoka kwenye bledi, na kipande kifupi kuliko sentimita 20 kibanwe kwa klampu. Miwani, na barakoa pia: vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua.

Grinda iliyofungwa diski ya meno haimo katika ulinganisho huu. Inazunguka kwa kasi kubwa mno, haina kiegemeo, na ikinasa kwenye ubao inarudi kwa aliyeishika.

Kosa dogo linaonekana wapi

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa kwa kweli. Mkanda wa chini ya ukuta, skatingi, unakatwa umesimama: mkato unapita kwenye unene wake, milimita 15 kwa mfano. Kosa la nyuzi 1 kwenye kiungo linaacha mwanya usiofika nusu ya milimita, na msasa na kijazio vinaumaliza. Mkanda unaozunguka fremu ya mlango unakatwa umelala: mkato unapita kwenye upana wake. Kwa upana wa milimita 75, kosa lile lile la nyuzi 1 ni mwanya unaokaribia milimita 2, tena usawa wa macho, kwenye mlango anaopita kila mgeni.

Kwa hiyo kisanduku kilichochoka kinaweza kumaliza skatingi ya chumba kizima bila ya aibu, na kikashindwa na mlango mmoja. Kama bajeti yako ni ya chombo kimoja kizuri, mlango ndio kipimo chake.

Mwenye kisanduku hajakwama hata hivyo. Akate akiacha unywele mmoja zaidi, kisha auweke mkanda juu ya ubao wenye kizuizi cha 45 na kuipitisha randa kali pembeni, ulalo wa randa ukisuguana na ubao. Kila mpito unatoa ukoko mwembamba kama karatasi, na kipande cha karatasi nene kikiwekwa baina ya mkanda na kizuizi kinageuza pembe kwa sehemu ya nyuzi. Kwa usahihi, kisanduku pamoja na randa kinaishinda mashine iliyopimwa ovyo. Kwa mwendo hakiikaribii: milango ishirini ni kazi ya mashine.

Kona ya ndani: fotifaivu au kukumbatia?

Ulinganisho wa vyombo haukamiliki bila ya huu wa pili, kwa sababu jibu lake linaweza kukuondolea haja ya mashine kabisa.

Kwenye kona ya ndani, fotifaivu mbili, yaani mikato ya nyuzi 45, zinazokutana hupendeza sakafuni kabla ya kupigiliwa. Ukipiga misumari, ubao unavutwa kuelekea ukutani, na kama plasta ina bonde nyuma yake, kiungo kinafunguka mbele ya macho yako. Kukumbatia ni njia nyengine. Mkanda wa kwanza unakatwa mraba na kuingizwa hadi konani. Wa pili unachongwa ncha yake ifuate umbo la uso wa wa kwanza na kuukalia.

Kata wa pili kwa 45 kama vile ni fotifaivu ya kona ya ndani. Mkato huo unachora umbo la mkanda kwenye ukingo wa uso. Upake penseli uonekane. Fuata mstari kwa msumeno wa uzi mwembamba, ukiulaza nyuma kama nyuzi 5 ili nyuma ipungue na uso tu ndio uguse. Malizia kwa tupa ya duara na msasa namba 80 uliozungushiwa kijiti. Acha urefu uzidi milimita 1, upinde mkanda kidogo katikati na uusukume ujikaze. Kona ikiwa 87 au 93, kiungo hiki hakijali, na ubao ukipungua wakati wa kaskazi kinachoonekana ni mstari mwembamba badala ya ufa.

Kina mipaka yake. Kona ya nje haikumbatiwi. Hapo ni fotifaivu tu. Mkongo unachukua muda mrefu kuchongwa na unavunja bledi nyembamba. MDF inachongeka kwa urahisi, lakini ukingo uliobaki mwembamba unamomonyoka ukiguswa. Na mkanda usio na nakshi, ubao bapa tu, hauhitaji lolote kati ya haya: kata mraba, ugonganishe. Inashangaza ni mara ngapi fotifaivu zinakatwa pasipo haja.

Katika chumba cha Mji Mkongwe kukumbatia kunakaribia kuwa lazima. Upana wa vyumba vile uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, mita 2 na nusu hadi 3, kwa hiyo mkanda mmoja wa futi 12 unafika ukuta hadi ukuta, na ncha zake zote mbili zinaangukia kwenye kona mbovu. Kupata fotifaivu sahihi kwenye ncha mbili kwa urefu sahihi wa mara moja ni kujitafutia hasara ya mbao. Weka wa mraba kwenye ukuta unaoukabili mlango, na wa pembeni uukumbatie: anayeingia anatazama kwa mstari unaoficha kiungo. Chokaa haishiki msumari. Toboa kwa keekee, tia plagi ya skrubu, funga skrubu.

Basi uchukue kipi?

Chumba kimoja au viwili, nyumba ya zamani, mikanda yenye nakshi: kisanduku, randa kali na msumeno wa uzi. Mashine hapo utaitumia kwa mikato michache na kubaki na kazi ya kuirekebisha kwa mkono.

Nyumba mpya nzima, milango kumi na zaidi, au karakana inayopokea kazi kila wiki: mashine ya inchi 10 isiyoteleza, bledi ya meno 60 au 80. Kaa nayo mbali na upepo wa bahari ikiwa haifanyi kazi, na ipangushe mafuta mepesi kwenye bawaba na meza. Chumvi ikiingia kwenye kitanzi cha kufungia pembe, kinaanza kukwama kwenye namba usiyoitaka.

Fundi anayehama hama baina ya Wete na Mkoani na hana uhakika wa umeme kwenye jengo: fremu ya chuma inayofungwa kwenye namba yoyote. Kwa mikanda ya dari iliyokaa mshazari inafaa pia, mradi mkanda uwekwe kichwa chini, ukingo wa juu ukiwa mezani na wa chini ukiegemea kiegemeo, kama utakavyokaa darini lakini umepinduliwa. Ukiulaza bapa kwenye mashine, 45 haitafunga: mkanda unaokaa nyuzi 38 kutoka ukutani unahitaji meza 31.6 na kichwa kilale 33.9, unaokaa nyuzi 45 unahitaji 35.3 na 30. Kupindua ni rahisi kuliko kukariri.

Mbao nazo zina neno

Mvule unabeba ndani yake chembe ngumu kama jiwe ambazo huzioni mpaka msumeno upige, na mtiki una mchanga wake wa asili. Meno ya msumeno wa mkono yanakufa haraka hapo. Meno ya kabaidi ya mashine yanavumilia zaidi. Hii ni sababu ya haki ya kununua mashine hata kwa kazi chache, ukiwa unakata miti hiyo peke yake. Paini ya bara mara nyingi inafika ikiwa mbichi. Ipange ndani ya nyumba kwa vijiti katikati wiki mbili au tatu kabla ya kuikata.

MDF kwenye sakafu inayodekiwa kila siku inavimba kuanzia chini kwenda juu. Ikiwa lazima, inyanyue milimita 3 kutoka kwenye tailisi, na ncha zote zilizokatwa uzipake gundi nyeupe iliyozimuliwa kabla ya rangi. Ncha za mbao halisi nazo hunywa gundi: paka ya kwanza nyembamba, ngoja dakika chache, paka ya pili, ndipo uunge.

Mkanda wa mlango una tabia yake. Ubao unapanuka na kupungua kwa upana, si kwa urefu, na kwa hiyo fotifaivu yake hubadilika hata kama uliikata sawa. Kiungo kikifunguka upande wa ndani, karibu na mlango, ubao umekauka. Kikifunguka kwenye ncha ya nje, umevimba, na hilo ndilo litakalotokea kwa kazi iliyokatwa Februari katika joto la kaskazi pindi masika ikiingia. Mbali na gundi, piga msumari mmoja mwembamba kutoka juu, upenye mkanda wa juu na uingie katika wa pembeni, ukitanguliza tundu kwa keekee ili ncha isipasuke. Na migongo ya mikanda yote ipakwe prima kabla haijagusa ukuta.